Redio ya 1973 inashinda Zoom yetu

Ndugu wa chama, tuseme ukweli: mikutano yetu ya mbali haiendi vizuri. Mkubwa wa mradi iko Kolwezi, siye tuko Kasaji, wengine Dilolo. Anasoma ripoti nusu saa kwa kifaransa, kisha anauliza: "Kuna swali?" Kimya. Anaandika: wote wamekubali. Kumbe watu wamenyamaza tu.

Wengi wanasema kosa ni rezo. Kweli rezo ni mbaya, na mega ni bei. Lakini ukiangalia kampeni ya Tanzania ya mwaka 1973, "Mtu ni Afya", utaona sababu iko kwingine.

Kampeni ile ilipita ku redio. Watu karibu milioni 2 waliingia katika vikundi vya kusikiliza, kwa majuma 12. Viongozi wa vikundi karibu 75.000 walifundishwa mbele ya kuanza. Kila juma kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kitabu, kikajadiliana, halafu kikaamua cha kufanya: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufukia madimbwi ya mbu. Mu 1975 ikafuata nyingine, "Chakula ni Uhai", juu ya chakula bora.

Sasa angalia. Redio haina masikio, lakini watu walisema. Zoom iko na masikio, na watu wananyamaza. Kule mtu alisema kwanza mbele ya majirani, kwa luga anayoijua, juu ya kazi atakayoifanya kesho. Hapa kijana wa licence anaombwa kusema peke yake, kwa kifaransa, mbele ya yule anayesaini mkataba wake. Nani atajaribu?

Sisifu yote. Masomo yalipangwa juu, kijiji hakikuchagua swali. Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja, na kupinga hakukuwa rahisi. Njo pale Zoom ingeweza kushinda: mkulima anaweza kumujibu mkubwa saa ileile. Lakini tunaitumia kama redio, tena redio isiyo na kikundi.

Napendekeza hivi. Swali litumwe siku 2 mbele. Kasaji tuketi pamoja ku simu moja, mega za mutu mumoja, tubishane kwanza kwa kiswahili ao kichokwe. Kisha mumoja aseme kwa jina la kikundi, na kila mara awe mwingine. Mkubwa aseme wa mwisho. Na mkutano unaofuata uanze na neno hili: mulisema hivi, tumefanya hivi.

Hii si mambo ya adabu tu. Mahindi yetu yanapandwa mvua ikisha kushika, Novemba. Kama hakuna aliyesema kwamba mbegu inachelewa, itafika Januari, na ripoti itasema sote tulikubali.