Clark Gable: Shujaa Aliyeshinda kwa Kushindwa

Wachezaji wakuu wa sinema hupimwa na watu wengi kwa wingi wa watazamaji wao. Kipimo hicho chamfaa mfanyabiashara. Mhakiki hana budi kuuliza swali jingine: mchezaji alipopewa sura moja na waliomwajiri, je, aliivaa tu, au aliifanya iseme kweli fulani juu ya binadamu?

Clark Gable alizaliwa tarehe 1 Februari 1901 katika mji wa Cadiz, Ohio, Marekani. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Baba yake alikuwa mchimba visima vya mafuta, na kijana naye aliionja kazi hiyo kabla ya kushika uchezaji. Kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilipomwajiri, ilimshonea vazi moja: mwanamume wa mabega mapana, mwenye dharau kidogo, aandamwaye na wanawake. Vazi hilo lilimkaa vyema hata akaitwa Mfalme wa Hollywood.

Katika Red Dust ya mwaka 1932, Gable ni msimamizi wa shamba la mipira huko Indochina, katikati ya wanawake wawili, mmoja wao mke wa mtu. Miaka 21 baadaye hadithi ile ile ilirudi kwa jina la Mogambo, chini ya uongozi wa John Ford, na Gable akarudia nafasi yake. Safari hii yeye ni mwinda wanyama, na picha ilipigwa Afrika ya Mashariki. Kati ya picha hizo mbili, mkewe Carole Lombard alikufa katika ajali ya ndege mwezi Januari 1942, naye akajiunga na jeshi la anga na kuruka katika vita vya Ulaya. Majonzi hayo hayakuacha alama yoyote katika nafasi aliyopewa. Ava Gardner na Grace Kelly walipendekezwa kupewa tuzo ya Oscar kwa picha hiyo; yeye hakupendekezwa.

Jina la picha limeelezwa mara nyingi kuwa ni neno la Kiswahili lenye maana ya ashiki. Mswahili hulitafuta katika lugha yake asilione. Alijualo ni mgambo. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini hii ililia pasipo jambo jipya. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, ila katika picha hii Waafrika ni wapiga makasia na wabeba mizigo. Hakuna hata mmoja ambaye moyo wake wachunguzwa. Ukubwa wa shujaa umenunuliwa kwa udogo wa wengine, na ukubwa wa namna hiyo ni bei rahisi.

Ubora wa Gable waonekana pale ushujaa wake unapovunjika. Katika It Happened One Night ya mwaka 1934, iliyompatia Oscar, ajigamba kuwa ni bingwa wa kusimamisha magari barabarani kwa kidole gumba. Magari yampita yote. Claudette Colbert ainua sketi kidogo, na gari la kwanza lasimama. Katika Gone with the Wind ya mwaka 1939, Rhett Butler mwenye kiburi aonekana akilia machozi ya majuto. Mtazamaji aliyemstaajabia sasa ampenda.

Kisha ikaja The Misfits, iliyoongozwa na John Huston na kuandikwa na Arthur Miller. Hapa tena Gable ni mkamataji wa wanyama, lakini farasi mwitu awakamatao huko Nevada huuzwa wawe chakula cha mbwa. Mwanamke achezwaye na Marilyn Monroe amlilia awaache. Mzee apambana peke yake na dume la farasi, aburutwa mavumbini, alishinda, kisha alikata kamba kwa mkono wake mwenyewe. Uwezo wake umethibitika, na ndipo auweka chini.

Gable alifariki tarehe 16 Novemba 1960, siku chache baada ya kazi hiyo kwisha, na picha ilitoka mwaka 1961. Mwinda wa Mogambo ateka wanyama wala hajiulizi neno. Mwinda wa Nevada ajiuliza, afungua mkono. Wa pili ndiye astahiliye kukumbukwa.