Kumsifu Mbanaji wa Miongozo

Aliyeandika programu husifiwa. Aliyeamua mwongozo wake ubanwe vipi hatajwi na mtu. Mimi namwonea fahari. Hapa Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, fundi anayefufua kompyuta kuukuu akiishiwa bando hubaki na miongozo iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Anaandika man na jina la amri, maelezo yanatokea, wala hajui kwamba punde yalikuwa yamebanwa.

Kwenye Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, anayebana ni programu ya gzip ya Jean-loup Gailly na Mark Adler, iliyotoka mwaka 1992. Tangu hapo zimekuja bzip2, kisha xz inayobana zaidi, kisha zstd ya Yann Collet inayofungua upesi. Mbona gzip haijastaafishwa?

Sababu ni udogo wa kurasa. gzip hutafuta maneno yanayojirudia katika kilobaiti 32 zilizopita tu, ilhali xz hurudi nyuma kwa megabaiti nyingi. Lakini ukurasa wa kilobaiti 5 unaenea wote ndani ya hizo 32, kwa hiyo kumbukumbu ndefu ya xz haina cha kukumbuka. Tena diski yenye mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida hugawa nafasi kwa vipande vya baiti 4,096. Ukurasa uliobanwa hadi baiti 1,300 na uliobanwa hadi 1,200 kila mmoja hukalia kipande kimoja. Ushindi wa baiti 100 unabaki kwenye karatasi. (Watengenezaji wa OpenBSD, mfumo mwingine, wao hawabani kabisa, na siwacheki.)

Kinachonivutia zaidi ni jinsi Debian wanavyoagiza: gzip -9n. Ile 9 ni kubana kwa nguvu zote, kwa kuwa jasho hilo humtoka mtengenezaji mara moja, msomaji hafungui kwa shida zaidi. Ile n huzuia jina na saa ya faili visiandikwe ndani, ili watu wawili wakiandaa kifurushi kilekile siku tofauti, saa hiyo isiwatofautishe. Isitoshe, gzip ni miongoni mwa vifurushi ambavyo Debian huvihesabu vya lazima, xz-utils, kifurushi chenye xz, haimo. Mashine iliyobomoka nusu bado itaweza kuufungua mwongozo wake.

Chanzo cha kernel ya Linux, mzigo mkubwa hasa, kibanwe kwa xz kama kinavyobanwa. Miongozo iachieni gzip.