Mchezo wa zamani ukirudishwa sokoni, tuupime kama mbegu

Leo sitaongea juu ya mbolea wala mnyauko wa migomba. Nitaongea juu ya michezo ya kompyuta, ile tuliyochezaka tungali wadogo, na ambayo sasa makampuni yanairudisha sokoni kwa njia ya intaneti ili ifanye kazi kwenye mashini za leo. Najua kuna wakubwa watakaosema haya ni mambo ya watoto. Lakini kizazi chetu hapa Masisi na Goma kilikulia kwenye sale za michezo, maneti mkononi, tukilipa kwa dakika. Kama tunaweza kuchambua filamu na vitabu, tunaweza kuchambua na hii.

Tuanze na hesabu moja. Mwaka 2023, shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilichunguza michezo ya zamani iliyotoka nchini humo kabla ya 2010. Lilikuta kwamba 87% yake haiuzwi tena kwa njia yoyote ya kawaida. Na hiyo ni Marekani, kwenye maduka na maktaba. Kwa hiyo kurudisha mchezo wa zamani ni kazi njema, sibishi. Swali langu ni hili: unarudishwa namna gani, na kwa nani?

Mfano wa kwanza kila mutu anaujua: GTA San Andreas. Ulitoka 2004 kwa PlayStation 2, na 2005 kwa kompyuta. Toleo la kompyuta liliomba RAM ya megabaiti 256 tu, na nafasi ya gigabaiti 3.6 kwenye diski. Ndiyo maana ulifika kila mahali, hata kwenye mashini zilizochoka za sekretariati, zile za kupigia TFC. Novemba 2021, Rockstar ikauza toleo jipya la GTA tatu za zamani kwa pamoja. Kwa kompyuta, mkusanyo huo ulidai nafasi ya gigabaiti 45. Mutu anayenunua mega za siku moja, na anayechaji kompyuta kwa pano ya sola, atazishusha lini?

Uzito peke yake ningeuvumilia kama kazi ingekuwa nzuri. Haikuwa nzuri. Mvua ilianguka kama nyuzi nyeupe mbele ya macho, mpaka barabara haionekani. Sura za watu ziligeuka kama za plastiki. Ukungu uliondolewa, na hapo ndipo ninaona walioufanya hawakuelewa mchezo wenyewe. Kwenye San Andreas ya zamani ukungu ulificha udhaifu wa mashini, ni kweli, lakini pia ulifanya nchi ionekane kubwa. Ulipanda mlima bila kujua mji uko wapi. Ukiondoa ukungu, unasimama juu ya kilima na kuona miji yote imebanana kama mashamba ya mutu mmoja. Sisi watu wa milima tunaelewa jambo hili haraka: asubuhi yenye ukungu huku Kingi, hata kilima cha jirani kinakuwa mbali.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kabla ya kuuza jipya, kampuni iliondoa matoleo ya zamani kwenye maduka ya intaneti. Watu walilalamika sana. Novemba 19, 2021 Rockstar iliomba radhi na kuahidi kurudisha matoleo ya zamani kwa kompyuta. Marekebisho makubwa ya mwanga na anga yalikuja Novemba 2024, miaka mitatu baadaye. Na hata lile toleo la zamani lilikuwa limeshapunguzwa: mwaka 2014 nyimbo kadhaa zilitolewa kwenye redio za mchezo kwa sababu mikataba ya muziki ilikwisha. Yaani mutu aliyenunua kihalali alibaki na redio pungufu, na mwenye diski ya 2005 bado anasikia kila kitu.

Hapa kuna mwenzangu atasema: "Sasa shida iko wapi? Sisi tunapeana kwa flashi, basi." Ndugu yangu, hapo acha nizungumze kama agronomu. Mkulima wa Masisi akiweka mbegu ya viazi kutoka shamba lake mwenyewe, msimu wa kwanza ni sawa, wa pili ni sawa, halafu mavuno yanaanza kushuka. Tunasemaka mbegu imechoka. Ukweli ni kwamba virusi na bakteria vinarundikana ndani ya kiazi, msimu hadi msimu, na vinahama na mbegu kutoka mkono hadi mkono. Na flashi zetu ni vilevile kabisa. Mchezo unapita kwa watu ishirini, unakosa faili hapa, sauti pale, mtu mwingine ameukata ili upungue uzito, na mwisho unaleta virusi vinavyokula mpaka TFC yako. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kugawana nakala kunatosha. Tunahitaji mahali panapotoa mbegu safi. Toleo rasmi lingepaswa kuwa mahali hapo.

Lakini kuna mbegu safi za aina mbili. Mahindi chotara yanazaa vizuri mwaka wa kwanza; ukipanda tena punje zake, mavuno yanashuka, na unarudi kwa muuzaji kila msimu. Maharagi unaweza kuyaweka wewe mwenyewe, juu yanajichavusha, na mtoto anafanana na mzazi. Mchezo unaodai intaneti na ruhusa ya kampuni ili ufunguke ni kama mahindi chotara. Machi 31, 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wa magari wa 2014, na waliokuwa wameununua hawakuweza tena kuucheza, hata peke yao. Mahali ambapo mtandao unakatika wiki nzima, na ambapo familia zinakimbia vita na mfuko mmoja, mchezo wa namna hiyo hauna maana. Unachokimbia nacho ni kile kinachokaa kwenye flashi na kufunguka popote.

Ndiyo maana nasifu duka la GOG, lililofunguliwa mwaka 2008 na kampuni ya Poland, CD Projekt. Linauza michezo ya zamani bila kufuli: unapakua faili ya kusakinisha, unaiweka, na haikuulizi tena kitu. Michezo mingi ya enzi ya DOS inaendeshwa hapo kwa DOSBox, programu ya bure iliyotengenezwa na watu wa kujitolea. Mchezo unabaki ulivyokuwa, na uzito wake ule mdogo. Hiyo ni maharagi. Lawama yangu moja: maduka haya yamejengwa kwa mutu mwenye kadi ya benki. Kijana wa hapa, pesa yake yote iko kwenye simu. Ukimfungia mlango wa duka halafu umwite mwizi, umemwonea.

Je, kuuvalisha mchezo nguo mpya ni vibaya sikuzote? Hapana. Age of Empires II ulitoka 1999. Studio iliyoutengeneza, Ensemble, ilifungwa mwaka 2009. Waliouokoa ni mashabiki: kikundi cha Forgotten Empires kilianza kwa kuongeza vitu vyao kwenye mchezo, kisha kikaaminiwa kazi rasmi. Toleo la Novemba 2019 linaonyesha kwamba waliolifanya waliupenda mchezo: picha mpya ziko wazi, lakini ukilima, ukijenga, ukipigana, mkono wako unakumbuka kila kitu. Ni zito kwa mashini zetu, sawa, lakini ni kazi ya heshima.

Na kurudisha kulileta pia kitu ambacho hakikuwepo. Nyongeza ya 2015, The African Kingdoms, iliingiza Wamali, Waethiopia na Waberber, na askari wa Ethiopia wanaongea Kiamhara. Nilifurahi. Lakini wa nne walikuwa Wareno, na pwani ya Waswahili inaingia kupitia safari ya Francisco de Almeida, yule ambaye mwaka 1505 aliteka Kilwa na kuchoma Mombasa. Yaani mchezaji anayeongea Kiswahili anafika pwani ya lugha yake akiwa ndani ya meli ya adui. Wangeweza kutupa Kilwa tuitetee. Huo ni uchaguzi, siyo ukosefu wa teknolojia.

Sasa nifike kwenye kidonda. Mchezo uliojaza sale zetu haukuwa Age of Empires. Ulikuwa mpira: PES 6 ya mwaka 2006, na Adriano, ambaye akipiga shuti golikipa anabaki kuangalia. Huo sitegemei kuuona ukirudishwa. Majina ya wachezaji, jezi na timu vinategemea mikataba, na mikataba inakwisha. Mwaka 2023, EA ilipoachana na jina la FIFA, michezo ya FIFA ya miaka ya nyuma iliondolewa kwenye maduka ya intaneti. Mpira wa zamani hauna GOG. Unao wenye sale tu, na diski zao zilizokwaruzika.

Kwa hiyo tukisikia mchezo wa zamani umerudi, tuuulize maswali matatu kabla ya kushangilia picha. Je, unafunguka bila intaneti? Je, toleo la zamani limeachwa au limefichwa? Je, mashini ya mutu wa kawaida inaubeba? GTA ya 2021 ilianguka kwenye yote, hata kama baadaye ilijirekebisha kidogo. Age of Empires II nusu imefaulu. GOG imefaulu, isipokuwa mlango wake ni mwembamba kwetu.

Na wenzangu wa informatiki, kazi hii ni yenu kuliko yangu: pale Goma, Sake au Masisi-centre, bado kuna diski halisi za PS2 ndani ya makartoni. Mwenye nazo asizitupe. Tengenezeni nakala safi moja ya kuhifadhi, andikeni jina la mchezo na mwaka, mbandike pia majina ya utani tuliyoupa. Nani anajua sale ambayo bado inafungua milango na PlayStation 2? Niambieni, nitapita kuona.