Majina Manne ya Uongo

Mahakama ya Juu ya Marekani inastahili pongezi kwa hukumu yake ya mwaka 1991 kati ya Feist na Rural. Rural ilikuwa kampuni ya simu huko Kansas. Feist ilichapisha vitabu vya namba za simu vya maeneo mapana zaidi. Rural ilikataa kuikodisha orodha yake, Feist ikaichukua hivyo hivyo. Ushahidi haukusumbua: maingizo 1,309 yalifanana kabisa na ya Rural, na manne kati yake hayakuwa ya watu wowote, bali mtego uliopachikwa na Rural yenyewe (mtego mzuri, lazima tukiri). Mahakama za chini zikaipa Rural ushindi. Jaji Sandra Day O'Connor, akiiandikia mahakama, alikubali kwamba kunakili kulikuwepo, ila kosa halikuwepo. Jina, mji na namba ni ukweli, na ukweli hauna mtunzi. Kuupanga kwa alfabeti si ubunifu.

Na jasho la waliokusanya je? Swali ni la haki, na mahakama kadhaa zilikuwa zimelilinda jasho hilo. Lakini hakimiliki hulipia utunzi, hailipii uchovu. Tena Rural ilihodhi huduma ya simu eneo lake, kanuni za jimbo ziliilazimu kutoa kitabu cha namba za simu kila mwaka, na matangazo ya kurasa za njano yaliiingizia fedha. Wala mlango haukufungwa: anayechagua na kupanga taarifa kwa namna yake hulindwa, ila kwa uchaguzi na mpangilio huo tu. Namba zenyewe hubaki za kila mtu.