Ukimya wa Mfalme: Jeanne d'Arc na Charles wa Saba katika Tamthilia Tatu

Jeanne d'Arc alitekwa nje ya mji wa Compiègne tarehe 23 Mei 1430, akateketezwa kwa moto mjini Rouen tarehe 30 Mei 1431. Katika muda huo wote, Charles wa Saba, ambaye alivishwa taji kwa juhudi za msichana huyo, hajulikani kuwa alitoa fidia yoyote ili kumkomboa. Pengo hilo ni mtihani kwa kila mtunzi anayeuingiza uhusiano wao jukwaani. Ni rahisi kulijaza kwa methali ya fadhila ya punda, lakini usomaji wa namna hiyo unaupunguzia uhusiano wenyewe uzito.

Mkataba wa Troyes wa mwaka 1420 ulikuwa umemnyima Charles urithi wa kiti cha baba yake. Jeanne alipomfikia Chinon mapema mwaka 1429, hakumwita mfalme. Kwake alikuwa mrithi tu, hadi alipopakwa mafuta matakatifu huko Reims tarehe 17 Julai. Mtumishi, basi, ndiye aliyeshikilia saa ya bwana wake kuwa bwana. Deni la aina hiyo halilipiki, hata kwa kuiingiza familia ya mkulima katika tabaka la mamwinyi, jambo ambalo Charles alilifanya mwezi Desemba mwaka huo huo.

Schiller, katika Die Jungfrau von Orleans (1801), analikwepa deni hilo kwa kuibadili historia. Shujaa wake anavunja minyororo na kufia vitani, huku mfalme akiwa kando yake, na ni kwa ishara ya mfalme bendera zinashushwa juu ya maiti. Tukio linapendeza machoni. Hata hivyo, pasipo na kesi wala moto, hapana wa kuulizwa alikuwa wapi. Anouilh, katika L'Alouette (1953), ni mwerevu zaidi: anauwasha moto, kisha anaukatiza ili sherehe ya Reims iigizwe mwishoni. Mfalme anaokolewa na mpangilio wa ploti.

Shaw, katika Saint Joan (1923), hamwokoi. Katika onyesho la Reims, Charles analalamikia gharama ya kutawazwa, na Jeanne anaambiwa waziwazi kuwa akitekwa hakuna atakayemkomboa. Usaliti, kwa hiyo, unatangazwa kabla haujatendeka, tena kwa lugha ya mtu anayehesabu senti zake. Hitimisho la tamthilia linahamia chumbani mwa Charles mwaka 1456, hukumu ikiwa imebatilishwa. Hapa Shaw yu karibu sana na historia. Charles aliitwaa Rouen mwaka 1449 na kuamuru uchunguzi mwaka 1450. Maadamu Jeanne alihesabiwa mzushi wa dini, taji la Charles nalo lilikuwa na doa. Charles wa Shaw anakiri hivyo bila haya: mradi watu wasiseme alitawazwa na mchawi, njia iliyotumika haimsumbui. Udhaifu wa Shaw ni kwamba kinaya chake kinachekesha mno. Hadhira inayomcheka mfalme akirudi kitandani na kuaga kwa sauti ya usingizi inakaribia kumsamehe.

Kuna ukimya mwingine, nao ni wa Jeanne. Kumbukumbu za kesi ya 1431 zinaonyesha jinsi alivyokataa mara kwa mara kuwafichulia mahakimu ishara aliyompa mfalme, na alipobanwa, akatoa kisa cha malaika aliyeleta taji. Schiller aliuhisi uzito wa ukimya kama huu: Jeanne wake, akishtakiwa uchawi na baba yake mzazi huko Reims, hasemi neno mbele ya mfalme. Lakini Schiller ameuhamisha. Kinachomfunga mdomo msichana wake ni hatia ya kumpenda adui Mwingereza, si siri ya mfalme. Mashahidi waliohojiwa baadaye walikumbuka tukio tofauti kabisa. Tarehe 24 Mei 1431, katika makaburi ya Saint-Ouen, mhubiri aliyetumwa kumtisha Jeanne alimtukana Charles. Jeanne, ambaye alikuwa amebakiza siku sita za kuishi, alimkatiza mhubiri huyo ili kumtetea mfalme wake.