Filozofia kwa wanaoanza: Padri Tempels na Padri Kagame

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, alipoanza kuandika Summa Theologiae karibu mwaka wa 1266, alieleza katika dibaji yake kwamba mwalimu wa ukweli wa kikatoliki shurti awafundishe wanaoanza pia, siyo wale walioendelea tu. Akamtaja Mtume Paulo, aliyewanywesha Wakorinto maziwa kwanza. Mwanaseminari aliyekwisha kufungua kitabu kile atacheka: kama hayo ndiyo maziwa, nyama yake ikoje? Lakini asome vizuri mambo matatu ambayo Tomasi aliyalaumu katika vitabu vya wakati wake: maswali yasiyo na faida yalizidi; mafundisho yalifuata mpango wa kitabu kilichofasiriwa, siyo mpango wa elimu yenyewe; na maneno yalirudiwarudiwa hata wasikilizaji wakachoka. Hakulaumu kwamba mambo yalikuwa ya juu mno. Mwenyewe hakuyashusha. Aliyapanga tu.

Tunasema hayo kwa sababu watu wengi siku hizi wanafikiri kwamba kumrahisishia mwanafunzi ni kumkatia wazo vipande vidogo, au kumpa neno moja jepesi mahali pa neno gumu. Katika nchi zetu mapadri wawili walijulikana sana kwa vitabu vyao vya filozofia, na njia zao ni mbili mbalimbali. Inafaa kuzipima kwa kipimo kimoja: zinamsaidia nini anayeanza?

Wa kwanza ni Padri Placide Tempels, Mfransiskani wa Ubelgiji, aliyefika Kongo mwaka wa 1933. Kitabu chake La philosophie bantoue kilitoka kwa Kifransa huko Elisabethville mwaka wa 1945. Wazo lake kubwa linajulikana: Wazungu wakisema «kuwa», Wabantu wanawaza «nguvu», kitu si kitu chenye nguvu, kitu ni nguvu yenyewe. Neno moja tu, na mlango wote umefunguka! Ndiyo maana kitabu kilipendwa haraka. Tusisahau lakini kwamba Tempels alikiandika kwa ajili ya Wazungu wa koloni, wapate kuwaheshimu watu waliowatawala. Kazi hiyo ilikuwa ya haki na ya lazima. Kumfundisha kijana wa Kapalata ni kazi nyingine.

Kwani neno «nguvu» likifika kwetu halifiki tupu. Mganga analo, muuza dawa sokoni analo. Katekista akisikia kwamba uzima ni nguvu, na sakramenti zinaongeza uzima, kesho atahubiri kwamba maji ya baraka yana nguvu kupita dawa ya fulani, na wakristu watamwelewa upesi sana, wala si kwa heri yao. Neema imekuwa dawa. Wazo lilirahisishwa, ndiyo, lakini lililobaki mikononi si lile alilokuwa nalo mwalimu. Nao wenye elimu waliuliza maswali yao: Fabien Eboussi Boulaga mwaka wa 1968, na baadaye Paulin Hountondji wa Benin, walishangaa namna gani watu wote wa bara kubwa wanaweza kuhesabiwa kuwa na wazo moja tu, tena bila wao kulijua.

Hata hivyo tumpe Tempels haki yake. Katika miaka ya 1950, kule Kolwezi, aliwafundisha wafanyakazi wa machimbo na wake zao, na humo ndimo ilimozaliwa Jamaa. Watu wale hakuwapa neno moja. Aliwapa matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Sisi tunaona kwamba hapo alikuwa mwalimu bora kuliko ndani ya kitabu chake. Maneno matatu yanachungana. Uzima bila mapendo ni ubavu tu. Uzazi bila mapendo, kila mke wa nyumba anajua ni nini. Tena mume na mke waliweza kuyajaribu jioni ile ile, nyumbani kwao. Tempels aliondoka Kongo mwaka wa 1962. Baadaye vikundi vingine vilipotoka, hata maaskofu wakalazimika kuonya. Lakini kupotoka kwa mwanafunzi si kila mara ushahidi juu ya mwalimu.

Wa pili ni Padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981). Kitabu chake, La philosophie bantu-rwandaise de l'Être, kilitoka Brussels mwaka wa 1956, nacho kimeandikwa kwa namna ya mazungumzo ya watu wawili, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Kagame hakuanza na neno kubwa. Alianza na maneno ambayo kila mtoto anayasema: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Yaani: mtu; kitu; mahali; namna. Ndani ya manne hayo akaziweka zile kategoria kumi za Aristoteli: umuntu na ikintu zinabeba substansia, ahantu inabeba mahali na wakati pamoja, ukuntu inabeba saba zilizobaki.

Hapa kijana ana kitu cha kushika. Amekuja na Kiswahili, na Lingala, na lugha ya kwao, Kilokele au Kimbole au Kikumu. Kifransa alikipata shuleni, Kilatini kidogo. Akiambiwa kwamba mahali na wakati vinakaa katika nyumba moja, aangalie Kiswahili chake: «hapo mlangoni» na «hapo zamani». Neno ni lile lile! Hakuna aliyemfundisha hayo. Alikuwa nayo mdomoni tangu utoto, ila hakuwahi kuyatazama.

Lakini njia hii nayo ina shimo. Kitabu cha sarufi kinasema «mbwa amelala» sawasawa na «mtu amelala», ijapokuwa Kagame anamweka mnyama katika ikintu, kwa sababu hana akili. Mti unaanza na m-, wala hakuna anayeusalimu. Kipofu anaanza na ki-, naye ni mtu mwenye akili kama wewe, pengine kukushinda. Basi sarufi haibebi filozofia yote mgongoni. Mwalimu anayefundisha Kagame bila kuwaacha wanafunzi watafute mifano ya kumpinga amewanyima nusu ya somo.

Somo tunalolipenda zaidi kwa Kagame ni lile juu ya Descartes. Mwaka wa 1637 Descartes aliandika kwamba anawaza, basi yuko. Kagame akaonyesha kwamba katika lugha zetu sentensi hiyo haisimami: ukisema tu «mimi ni», msikilizaji anangoja: ni nani? ni nini? Na ukisema «niko», anauliza: wapi? Kuna walimu wanaofurahia jambo hilo na kufunga kitabu: tazameni, mambo ya Wazungu hayatafsiriki. Kumbe hapo ndipo pa kukifungua. Ile -ko ya «niko» inataka mahali, na Descartes alikuwa amekwisha kutia shaka juu ya mahali pote, na juu ya mwili wake pia. Alitaka kuwa bila kuwa pahali. Mwanafunzi akiuliza «wapi?», amegusa ugumu ule ule ambao wakubwa wamebishania miaka mingi: je, roho inayowaza inaweza kuwa bila mwili? Hakupewa wazo dogo. Amepewa swali zima, kwa maneno mawili ya kwao. Na swali hilo litamrudia kwa Mungu: watu wanasema kila siku «Mungu iko», na Kagame alimweka Mungu nje ya yale makundi manne. Basi yuko namna gani?

Juu ya vitabu vya darasa tuseme machache. Karibu vyote vinaeleza sababu nne za Aristoteli kwa sanamu ya shaba. Nani hapa ameona mtu akitengeneza sanamu ya shaba? Wagenya wako karibu, penye maporomoko, na vikapu vyao virefu vya kutegea samaki. Miti na kamba za msituni ni materia. Umbo lile pana mdomoni na jembamba nyuma ni forma. Mvuvi ndiye mtengenezaji. Samaki ndiye kusudi. Tena kikapu kinaonyesha jambo ambalo sanamu inalificha, kwamba kusudi linaamuru umbo: mdomo ukiwa mwembamba, samaki hawaingii.

Halafu siku moja kijana atauliza: kama roho ni forma ya mwili, mbona umbo la kikapu linaharibika kikapu kikioza, na roho haiharibiki? Asikemewe. Kikapu kimefika mwisho wa kazi yake, na mwalimu aseme hivyo wazi, ndipo aanze naye kitabu cha Aristoteli juu ya roho.