Mgeni Mwenye Mkeka Wake

Fundi mzuri wa kompyuta utamjua kwa mambo anayokataa kufanya. Akiombwa kusakinisha Fiji, habofyi kitu kabla hajaamua folda yake itakaa wapi.

Fiji ni programu ya kuchambua picha za kisayansi, hasa zitokazo kwenye hadubini: kuhesabu seli, kupima eneo, kulinganisha mng'ao. Kiini chake ni ImageJ, kazi ya Wayne Rasband wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Mwaka 1987 Rasband alianza na NIH Image, iliyoandikwa kwa ajili ya Macintosh. Mwaka 1997 akatoa ImageJ kwa lugha ya Java, ambayo haichagui kati ya Windows, macOS na Linux, mradi Java yenyewe iwepo. Akaiachia umma bila kudai hakimiliki. Ila hapo kwenye "mradi" pana balaa lake: kompyuta moja ina Java ya zamani, nyingine mpya mno, nyingine haina kabisa.

Waundaji wa Fiji walilimaliza hilo kwa kuifungasha Java humo humo, pamoja na rundo la programu-jalizi. Unapakua, unafungua faili lililobanwa, unaanza kazi. Hata mwanafunzi asiye na nywila ya msimamizi wa maabara anaweza kuitumia. Ni mgeni anayekuja na mkeka wake. Kazi ya fundi ni kumwonyesha tu pa kuutandika.

Na hapo ndipo ufundi ulipo. Kwenye Windows wengi huipeleka Program Files, kwa sababu ndiko programu zenye heshima zinakokaa. Kosa. Fiji hujisasisha kwa kuandika ndani ya folda yake, na Windows inailinda Program Files dhidi ya uandishi wa namna hiyo. Iweke kwenye folda ya mtumiaji, yaishe.

Mac ina hila zaidi. Tangu toleo la Sierra la mwaka 2016, programu iliyopakuliwa na kuendeshwa pale pale ilipodondokea inaweza kuhamishiwa kimyakimya mahali pa kubahatisha, pasipoandikika. Kusudi ni ulinzi, nami sina ugomvi nalo, lakini Fiji ikiwa huko haiwezi kujisasisha. Dawa ni kuikokota kwa mkono, kupitia Finder, hadi Applications kabla ya kuifungua mara ya kwanza. Nampenda fundi anayelifanya hilo bila hata kulitaja.

Linux, inayoogopwa na wengi, haina kesi kubwa. Folda inakaa nyumbani kwa mtumiaji. Ikigoma kuanza, mara nyingi imepoteza ruhusa ya kuendeshwa, na amri ya chmod inairudishia.

Inabaki kumbukumbu. Java hufanya kazi kwa mgao, na rundo la picha za hadubini linaweza kuwa la gigabaiti kadhaa. Fundi mvivu huongeza mgao mpaka mashine nzima inahema. Aliyekomaa huuliza kwanza picha zenyewe zina ukubwa gani, na zikizidi uwezo huzifungua kwa njia inayosoma kipande kimoja kimoja kutoka kwenye diski.

Kisha jaribio. Fiji ina picha ya mfano iitwayo Blobs, madoadoa tu. Unatenga madoa na mandhari yake, unaiamuru ihesabu, na kila doa linapata mstari wake kwenye jedwali. Picha hii ina mtego mdogo: jedwali lake la rangi limepinduliwa, kwa hiyo panapoonekana peupe ndipo penye thamani ndogo. Anayeamini macho peke yake anaweza kuhesabu mandhari akidhani ni madoa. Fundi ninayemsifu huweka kishale juu ya doa, akasoma namba iliyo chini ya menyu, akaridhika, ndipo anapomwita mwenye kompyuta.